Ndege ndogo na ajali za kutua: nimekaa nazo gereji miaka 14, njooni tuongee

#1 Nati na Bolti (mleta mada)

Wakuu salaam.

Juzi kuna klipu imezunguka sana kwenye magrupu. Ndege ya injini moja inakuja kutua, inadunda mara ya kwanza, ya pili, ya tatu ikaangukia pua na kuserereka hadi nyasini. Watu wanne wakashuka kwa miguu yao. Nikasoma maoni chini ya ile klipu nikabaki nacheka peke yangu: "injini imezima", "breki zimekata", "hapo kuna mkono wa mtu". Jamani, injini ilikuwa inanguruma mpaka sekunde ile rafadha, yale mapanga ya mbele yanayozunguka, ilipolamba lami!

Mimi si rubani, ni fundi. Nimefungua na kufunga hizi ndege za viti vinne, na zile za viti kumi na mbili za watalii, kwa miaka 14. Ajali ikitokea, rubani anapelekwa hospitali au anaitwa ofisini kutoa maelezo. Mimi naletewa chuma.

Nianze na jambo ambalo wengi hawalijui. Ndege ndogo huharibikia zaidi kwenye kutua kuliko hatua nyingine yoyote ya safari, na hiyo ni dunia nzima, siyo huku kwetu tu. Ila waliomo ndani mara nyingi wanatoka wazima. Vifo vingi viko kwingine: kwenye mawingu na milima, na kwenye kupoteza udhibiti ndege ikiwa bado iko angani. Ndiyo maana ajali za kutua hazifiki magazetini. Zinaishia kwenye gereji kama yangu, zimefunikwa turubai.

Sasa ile ya kudunda. Chukueni Cessna 172, ndege ambayo wengi wanajifunzia. Miguu yake miwili mikubwa, ile iliyo chini ya mwili, ni chuma cha springi. Ukiishusha kwa nguvu, kile chuma kinajikunja halafu kinakurudisha juu, kama mtoto aliyerukia godoro. Mguu wa mbele ni habari nyingine kabisa. Una silinda ya mafuta na hewa, na umefungwa kwenye bati linalotenganisha injini na miguu ya rubani, tunaliita ukuta wa moto. Kazi yake ni kuiongoza ndege ikiwa inatembea chini. Haukutengenezwa kupokea uzito wa ndege inayoanguka.

Rubani mgeni akidundishwa mara ya kwanza anaona pua imeinuka, anashtuka, anaisukuma chini. Mguu wa mbele unagusa kwanza. Ndege inadunda tena, safari hii kwa hasira zaidi. Anasukuma tena. Nimezoea kuona ule mguu ukisalimu amri kwenye mdundo wa tatu, na ukishakatika rafadha inakula lami.

Nikiletewa ndege ya namna hii, kabla sijamsikiliza mtu naenda kwenye rafadha. Zikiwa ncha zote zimekunjika kwenda mbele, mara nyingi injini ilikuwa inavuta kwa nguvu. Ikiwa panga moja limekunjwa kurudi nyuma na lingine halina hata mkwaruzo, injini ilikuwa imepunguzwa sana au imesimama. Halafu naingia chini ya dashibodi na tochi, naangalia ukuta wa moto. Bati likiwa na makunyanzi kama shati lisilopigwa pasi, hapo ndipo mwenye ndege anaanza kulia, maana bili siyo ya mguu tena. Na injini nayo lazima ifunguliwe yote, kwa sababu rafadha iliyosimamishwa ghafla imeipiga krenki, ule mhimili wa ndani ya injini unaozungusha rafadha, kofi ambalo huwezi kuliona kwa nje.

Kwa nini inafika huko? Kwa asilimia kubwa ya nilizoziona, ni spidi. Rubani amekuja na kasi iliyozidi kidogo, ndege haitaki kukaa chini, yeye anailazimisha. Kitabu cha Cessna 172S kinasema ukija kutua kwenye kiwanja kifupi ushike kama kilomita 113 kwa saa. Kwa kasi hiyo, usawa wa bahari, lami kavu, bila upepo, inahitaji mita 175 hivi za kukimbia chini mpaka isimame. Ukihesabu tangu iko mita 15 juu, ni mita 407. Nyasi kavu, ongeza asilimia 45 ya ule mwendo wa chini. Upepo ukiwa mgongoni, kila kilomita 4 hivi kwa saa za upepo zinakuongezea asilimia 10.

Hizo ni hesabu za kiwandani, ndege mpya na rubani wa majaribio. Sasa weka rubani wa Jumamosi, tairi zilizochoka na kiwanja chenye mteremko.

Nitaendelea. Karibuni kwanza, hasa marubani mliomo humu mnaojificha.

#2 Kijiwe Nongwa

Nimevuta kiti, kahawa ninayo. Nyuzi kama hizi ndizo zilizotuleta humu, siyo zile za "nimeota nyoka".

#3 Senene Mbichi

Mkuu, sisi watu wa Bukoba ukitaja kutua tumbo linauma. Ile ya Novemba 2022 nayo ni spidi?

#4 Nati na Bolti

Pole ndugu yangu. Ile ni ATR 42, siyo ndege ndogo ya mtu binafsi, na sitaki kuichanganya na hizi za kwangu. Ilikuwa tarehe 6 Novemba 2022, hali ya hewa mbaya, ikaingia Ziwa Victoria kabla ya kufika ranwei. Walikuwemo watu 43, wakafa 19. Sababu za ndege ya namna ile haziamuliwi na fundi wa gereji akiwa na simu mkononi.

Ninachokichukua pale ni kwamba waliofika wa kwanza walikuwa wavuvi. Viwanja vyetu vya ndege ndogo ndivyo vilivyo. Hakuna gari la zimamoto, hakuna king'ora. Atakayekufungua mkanda ni mchungaji wa ng'ombe, au dereva wa watalii aliyekuwa anasubiri wageni wake kwenye kivuli.

#5 Vumbi la Kogatende

Fundi, umenitoa mafichoni. Miaka tisa narusha watalii viwanja vya vumbi, na nina neno na wewe.

Wewe unaona zilizovunjika tu. Mimi natua mara sita kwa siku na hakuna anayenipigia klipu. Halafu unasema "spidi" kama vile rubani ni dereva wa bodaboda. Mara nyingi ile spidi ya ziada ameiweka makusudi, kwa sababu upepo unakuja kwa mafungu. Ukiwa na kasi ndogo kabisa halafu upepo ukakata ghafla, unaanguka kama embe. Kwa hiyo unaongeza akiba. Kosa ni kuongeza akiba juu ya akiba: kidogo kwa ajili ya upepo, kidogo kwa ajili ya wageni wanne wenye mabegi, kidogo kwa ajili ya woga wako. Ukifika chini umebeba akiba tatu na ranwei ni ileile.

Na zinazoua kwenye kutua, ambazo wewe hutaziona kwa sababu haziletwi gereji, zinatokea kabla ya kugusa. Ni ile kona ya mwisho.

Nieleze kwa wasiorusha. Unakuja sambamba na ranwei, unaipita, unakata kona moja, halafu ya pili ndiyo inayokuweka usoni pa ranwei. Uko futi 500 au pungufu. Tuseme upepo unakusukuma kutoka nyuma kwenye ile kona, unagundua umeshaupita mstari wa ranwei. Akili ya binadamu inasema vuta zaidi, lalia zaidi. Ukiilaza ndege nyuzi 45 huku unashikilia usishuke, mabawa yanabeba kama mara 1.4 ya uzito wake, na ile kasi ambayo chini yake bawa linaacha kubeba inapanda asilimia 19. Nyuzi 60 uzito ni mara mbili, kasi ile inapanda asilimia 41. Wewe saa ya kasi ilikuonyesha uko salama ukiwa umenyooka. Hukuongeza hata kidogo, ila usalama umeondoka.

Mwingine anaogopa kulalia sana karibu na ardhi, kwa hiyo anakanyaga pedali ya usukani ili pua izunguke upesi. Hiyo ni mbaya kuliko yote. Bawa la ndani linakufa kwanza, ndege inajigeuza mgongo, na futi 500 hazitoshi hata kusema astaghafiru.

Dawa yake inajulikana na kila mwanafunzi: ukiupita mstari, acha. Gesi, panda, zunguka upya, ukaanze mwanzo. Inachukua dakika tano hivi na mafuta kidogo. Lakini nyuma una wageni ambao lodji inawasubiri kwa chakula cha mchana, redioni wenzako wanakusikia, na ukishuka kuna mtu atakuuliza "ulikuwa na shida gani pale?" huku anatabasamu. Nimewahi kuulizwa hivyo. Hilo swali limevunja ndege nyingi kuliko nyumbu.

Na nyumbu wapo, msifikiri natania. Viwanja vya mbugani mara nyingi gari linatangulia kufagia wanyama, na kama hakuna gari unapita chini kwanza wewe mwenyewe kuwatawanya. Twiga hasumbui, unamwona kutoka mbali. Ngiri ndiye mshenzi. Anatoka shimoni wakati umeshapunguza gesi.

#6 Dada Hesabu

Nafundisha fizikia sekondari, naomba niwasaidie wanaoona asilimia kumi ni kitu kidogo. Nguvu iliyomo kwenye kitu kinachokwenda inafuata mraba wa kasi. Kasi ikizidi kwa asilimia 10, nguvu ambayo breki na lami lazima ziimeze inazidi kwa asilimia 21. Ikizidi asilimia 20, nguvu inazidi 44. Kesho nawapa Form Three swali hili, asante mleta mada.

Swali langu: je, Nairobi na Arusha, kule juu, hewa nyepesi haiongezi tatizo?

#7 MtotoWaLangata

Dada Hesabu, hilo nijibu mimi maana niko ndani yake. Niko Nairobi, mwanafunzi wa urubani hapo uwanja wa ndege wa Wilson, niko na masaa 31.

Wilson iko karibu futi 5,500 juu ya usawa wa bahari. Siku ya joto la nyuzi 26 hivi, ndege inajisikia kama iko zaidi ya futi 8,000. Sasa maajabu ni haya: saa ya kasi ndani ya ndege inapima hewa inayoipiga, haipimi ardhi. Hewa ikiwa nyepesi, saa inakuonyesha kilomita 113 zilezile za kitabu lakini ukweli unakwenda kama 127. Mwanafunzi akitoka Mombasa kuja huku anaona ardhi inakimbia, anafikiri amezidisha, anapunguza. Akipunguza kwa kuangalia dirisha badala ya saa, ndio ile stori ya bawa kuacha kubeba. Na akishagusa, ranwei inaisha haraka kuliko alivyozoea. Kesho yake ukimwambia apande, injini nayo inahema kama mzee kwenye ngazi.

Mzee wa Vumbi, hapo kwa kuzunguka upya naomba niongeze, kwa sababu watu wanaongea kama ni kubonyeza kitufe. Sisi tunaita goraundi. Mara yangu ya kwanza kufanya peke yangu, kiwanja cha mazoezi upande wa Kajiado, nilidunda. Nikakumbuka mwalimu alivyonipigia kelele: usisukume pua! Nikaweka gesi yote. Sasa flapu, vile vibao vya nyuma ya mabawa vinavyoshushwa wakati wa kutua, zilikuwa zimeshuka zote, na nilikuwa nimeshaipanga ndege ikae pua juu ya kutua. Ukiipa gesi yote ghafla ikiwa hivyo, pua inapanda kama lifti na ndege inavuta kushoto. Nilisukuma usukani kwa mikono miwili, mguu wa kulia ukitetemeka kwa pedali. Flapu unazirudisha juu taratibu, kwanza mpaka nyuzi 20, ukizirudisha zote pamoja unazama. Yetu ni ya zamani ya kabureta, kile kidude kinachochanganya mafuta na hewa, kwa hivyo na ile joto ya kabureta, ya kuzuia barafu, unaifunga. Mambo manne kwa sekunde tatu, na ardhi iko hapo.

Nilizunguka, nikatua vizuri. Mwalimu alikuwa chini ya mti. Hakunisifu, hakunigombeza, aliandika tu kwenye daftari. Usiku sikulala, lakini ya furaha.

#8 Kijiwe Nongwa

Swali la kijinga. Kwa nini wasiweke parachuti ya ndege nzima tukamaliza kesi?

La pili: hawa matajiri wa Marekani wenye ndege zao, nao wanadunda?

#9 Nati na Bolti

Siyo la kijinga. Parachuti ya ndege nzima ipo, ndege za Cirrus zinatoka nayo kiwandani, na imeokoa watu wengi. Lakini inahitaji mamia ya futi ili ifunguke na kujaa. Ile kona ya mwisho ya Vumbi iko chini mno, na kwenye kudunda ndiyo kabisa haikuhusu.

Matajiri? Harrison Ford, yule mwigizaji, ni rubani wa siku nyingi. Tarehe 13 Februari 2017 alikuwa anatua uwanja wa John Wayne, California, na ndege yake ndogo ya Husky. Badala ya ranwei akatua kwenye njia ya pembeni ambayo ndege hutembelea, akipita juu ya Boeing 737 yenye abiria 110 iliyokuwa inasubiri. Hakuna aliyeumia. Yeye mwenyewe akauliza redioni kama lile dege lilitakiwa kuwa pale chini yake. Msicheke sana, maana kwetu tarehe 18 Desemba 2013 Boeing 767 ya Ethiopia iliyokuwa inakwenda uwanja wa Kilimanjaro (KIA) ilitua uwanja wa Arusha, ranwei ya mita 1,600 hivi, ikaishia kwenye nyasi. Macho yakishaamua kwamba "uwanja ndio ule", masikio yanafungwa.

Ila inayonihusu mimi ni ya kwanza ya Ford, ya tarehe 5 Machi 2015. Ndege ya mafunzo ya zama za vita kuu ya pili, Ryan PT-22, ilipoteza nguvu muda mfupi baada ya kuruka Santa Monica. Akaamua kuirudisha, akaona hafiki, akaiweka kwenye uwanja wa gofu. Akaumia lakini akapona. Wachunguzi walipofungua kabureta walikuta kijitundu cha kupimia mafuta, kile kidude cha kuskurubu kisichozidi ncha ya kidole, kimelegea na kujifungua kutoka mahali pake. Mafuta yakawa mengi kupita kiasi, injini ikakata. Na wakakuta tena kwamba mikanda ya mabegani ilikuwa imefungwa vibaya kwenye kiti, ndiyo iliyoongeza majeraha.

Ninaijua ile ripoti karibu kwa moyo. Siyo kwa sababu ya umaarufu wake. Ni kwa sababu vitu vyote viwili ni kazi ya mtu kama mimi, mwenye spana, ambaye siku hiyo huenda alikuwa nyumbani anakula.

#10 Kaskazi Mrefu

Assalaam alaykum wanajamvi. Mimi ni mtu wa Mafia, ndege ndogo kwetu ni kama daladala. Siku moja msimu wa kusi umekaza, tunakuja kutua, ndege imekaa upande kama kaa. Pua inaangalia minazi, sisi tunakwenda kwenye ranwei. Bibi mmoja pembeni yangu akaanza kusoma Yasini kwa sauti. Karibu na chini kabisa rubani akainyoosha, tairi moja ikagusa, kisha ya pili, kisha ya mbele. Kijana mdogo tu, ndevu hazijatoka.

Je, ile kukaa upande ilikuwa kosa au ufundi? Sisi mabaharia jahazi likipigwa na upepo wa ubavu tunajua cha kufanya, lakini jahazi halina haja ya kutua.

#11 Vumbi la Kogatende

Wa alaykum salaam mzee wangu. Ule ni ufundi, na kijana mpe heko. Pua inaelekezwa upepo unakotoka ili ndege isipeperushwe, halafu mwishoni unainyoosha kwa pedali na kulaza bawa la upande wa upepo kidogo. Ndiyo maana tairi moja iligusa kwanza. Akisahau kuinyoosha, tairi zinagusa zikiwa zimekaa upande, na mwenye Nati na Bolti anapata kazi. Cessna 172 kiwanda kiliijaribu kwa upepo wa ubavu wa kilomita 28 kwa saa. Upepo ukizidi hapo unarusha kwa ujuzi wako mwenyewe, huna kitabu cha kukutetea.

#12 Nati na Bolti

Narudi kwenye kile nilichosema nitaendelea nacho, na hiki ndicho kilichonifanya nifungue huu uzi.

Kuna kutua kwa nguvu ambako hakuvunji kitu. Ndege inapiga chini puu, meno yanagongana, abiria wanacheka, rubani anasema "samahani jamani", basi. Kitabu cha matengenezo kinasema baada ya hapo ndege isiruke mpaka ikaguliwe. Kuna ukurasa wake kabisa. Naangalia makunyanzi kwenye bati, naangalia vishikizo vya injini, naangalia maungio ya mabawa, natafuta alama za mafuta, na avgas, petroli ya hizi ndege, ni ya bluu kwa hiyo ikivuja inaacha doa. Naangalia riveti zinazotoa moshi. Siyo moshi wa kweli, ni unga wa kijivu unaotoka pembeni ya riveti iliyolegea, kama wanja. Saa mbili tatu za kazi.

Lakini ili mimi nikague, lazima mtu aandike kwenye daftari kwamba alitua vibaya. Haandiki. Akiandika, ndege inasimama, mwenye ndege anakasirika, na wenzake wanajua. Aibu ileile aliyoisema Vumbi ya kuzunguka upya, hii ni pacha wake.

Miaka ya nyuma, mahali ambapo sitapataja, ililetwa ndege iliyokunja mguu wa mbele wakati inatembea polepole baada ya kutua. Siku tulivu, kijana ametua vizuri, abiria wanasema hata hawakusikia ikigusa. Mguu ukajikunja tu wenyewe. Kijana akasimamishwa kazi asubuhi iliyofuata.

Nikauchomoa ule mguu nikauweka mezani chini ya taa. Sehemu iliyokatika ilikuwa na rangi mbili. Nusu nyeusi, ina kutu. Nusu inang'aa kama sarafu mpya. Maana yake ufa ulikuwepo siku nyingi, ukawa unatembea taratibu kila ndege ilipotua, mpaka kilichobaki hakikuweza kubeba. Nikarudi kwenye daftari nikasoma kurasa zote za miezi miwili, safi kama cheti cha ubatizo. Nikamuuliza mlinzi wa kiwanja. Akaniambia pale pale: "Si ile siku ya mvua, wiki tatu zilizopita, ilidunda mpaka kofia ya gurudumu ikaruka?" Kofia nilishaiona imebadilishwa. Hakuna aliyeandika kwa nini.

#13 Dada Hesabu

Na kijana?

#14 Nati na Bolti

Nilipiga picha za ule mpasuko, nikaandika nilichokiona, nikasaini jina langu. Kijana alirudishwa baada ya miezi. Mimi mkataba wangu ulipoisha haukuongezwa. Sikuulizwa kitu na sikuuliza. Aliyedundisha siku ya mvua alikuwa mkubwa kwa cheo, bado anaruka, na ni rubani mzuri kweli. Siku ile tu.

#15 Vumbi la Kogatende

Nimesoma hii mara mbili. Fundi, nikiri hadharani: mwaka wangu wa kwanza nilidundisha moja na sikuandika. Haikutokea kitu. Lakini mpaka leo nikiiona ile ndege imeegeshwa, natazama mguu wake wa mbele kabla sijatazama kitu kingine.

Ila nataka waajiri nao wasomwe humu. Kiambatisho cha 13 cha mkataba wa kimataifa wa usafiri wa anga, kile cha ICAO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa anga, kinasema wazi uchunguzi ni wa kuzuia ajali nyingine, siyo wa kumtafuta wa kulaumiwa. Kwenye karatasi ni hivyo. Kwenye korido za ofisi, rubani aliyeandika "nimetua kwa nguvu" anakuwa "yule anayevunja ndege". Mkitaka daftari liseme kweli, msimpige anayeliandika.

#16 MtotoWaLangata

Mzee wa Vumbi heshima zako. Sisi wanafunzi tunaandika kila kitu kwa sababu mwalimu anatusimamia. Sijui nitakuwa mtu wa aina gani nikiwa na wageni nyuma.

#17 Senene Mbichi

Sasa mimi abiria wa kawaida, nikipanda hizi za viti vichache nifanye nini? Nikae kiti gani?

#18 Nati na Bolti

Kiti usihangaike nacho, utapangiwa kwa uzito wako, na usidanganye kilo zako. Mwanamama mmoja alipunguza 15 mbele ya wifi zake, nikamwelewa, lakini ndege haina wifi.

Kama kuna mkanda wa bega, vaa na wa bega, usifunge wa kiunoni peke yake. Kwenye kutua kubaya kinachoumiza ni uso kwenda kwenye dashibodi au kiti cha mbele. Begi usilipakate. Mlango, angalia unafunguka vipi kabla hamjaruka, uguse komeo kwa mkono wako, kwa sababu kila aina ina komeo lake. Na rubani akizunguka upya, usimuulize chochote mkishuka. Mpe mkono tu.

Wakuu, naomba niwaache kidogo. Kuna moja imetua saa kumi, kijana amenipa funguo akasema "iko poa tu fundi, weka mafuta". Lakini tairi la mbele lina upara upande mmoja ambao asubuhi haukuwepo. Natafuta tochi. Nikitoka huko nitamtafuta na yeye, na kalamu.